Ukanda wa Nili

Droo ya kumi na saba, safu ya chini kabisa,
ile inayokwama kila majira ya baridi
hadi uisukume kwa goti:
humo analala Bibi Philadelphia Raine,
au tuseme inalala saa moja ya maisha yake,
upana wa kiganja na nusu,
rangi ya maji juu ya karatasi, mwaka 1811.

Hatumtoi nje ila miezi mitatu
kwa kila miaka mitano.
Nuru ni mlaji mpole, haina meno, haishibi.
Kila jicho linalomtazama
huondoka na punje ya rangi yake,
na hakuna anayepekuliwa mlangoni.

Kibandiko kinasema: Alfajiri Bondeni.
Nani aliandika, hatujui. Mwandiko wa karani.
Anga la waridi, kilima, kuta za mawe
zikipanda mteremko kama mishono ya mtu mwenye haraka,
ghala moja la nyasi,
madoa meupe matano (kondoo, au mawe),
na kando ya ukuta, mwanamke
asiyezidi punje ya mchele,
mikono juu.
Anaisalimu asubuhi, huwaambia watoto wa shule.
Tumemchapa kwenye kadi, kwenye vikombe,
kwenye vitambaa vya kukaushia vyombo.
Waliofiwa hupenda kumnunua.

Jumanne moja ya Februari akaja Cuthbert Kearton,
mfugaji, miaka sabini na minane,
buti kazivua mlangoni bila kuambiwa,
soksi moja imetoboka kidoleni.
Alitaka kuliona shamba la mama yake
kabla hajaliuza.

Akainama. Akanyamaza muda wa chai kupoa.
"Hicho kilima kiko kaskazini," akasema.
"Nimekiamkia maisha yangu yote.
Jua halijapata kuchomoza hapo,
na siku likianza, mimi nahama."

Nikacheka.
Halafu sikucheka.

Alipoondoka nilifungua fremu,
nikapitisha kisu chembamba chini ya kadibodi
iliyomkaba kingo tangu kabla ya babu yake Kearton,
ikanyanyuka kwa sauti ya mtu anayemeza mate.
Na pale pembeni,
ukanda mwembamba kama kamba ya kiatu,
ambao nuru haikuwahi kuuonja:
nili.
Nili nzito, nili ya wingu lenye mimba,
iliyokorogwa na wekundu wa udongo
ili izae kijivu.
Nuru ilikula nili, ikasaza wekundu,
nasi masazo yale tukayaita asubuhi.

Basi ilikuwa saa tisa alasiri.
Basi upepo ulikuwa umekwisha kugeuka.
Basi lile doa la mviringo juu ya ghala,
ambalo taarifa zetu zinaliita "hitilafu, pengine kuvu",
ni tone. La kwanza.
Lilimdondokea brashi ikiwa mkononi
naye hakulifuta.

Nikavuta lenzi.
Madoa meupe yale si kondoo, wala si mawe.
Ni mashuka, yametandazwa ukutani.
Na mwanamke wa punje ya mchele,
maskini, hasalimu chochote.
Anaanua.
Anaanua mbio, labda kinywa wazi,
anamwita mtu aliye nje ya karatasi
aje ashike ncha ya pili.

Nilimpigia Kearton simu.
"Mama naye alianika hapohapo," akasema,
kisha nikasikia mbwa,
kisha birika,
kisha: "Wamelipa jana."

Kadi bado zinauzwa. Kamati itakaa Juni,
na Juni ya kamati naijua.
Nyuma ya kadibodi mpya nimeandika kwa penseli,
herufi ndogo, za mtu asiyetaka ugomvi:
Si alfajiri. Mvua inakuja.
Ukanda nimeupima, milimita nne,
nikaufunika tena.
Goti. Droo. Ufunguo.

Humo gizani mashuka bado hayajalowa.